Kati ya Bendera Mbili

Jumamosi, 1 Julai

Tumefika Nadi, Fiji, salama, wote watano. Naandika mapema ili hilo lijulikane.

Hali ni hii. Mwaka jana niliipeleka familia Bali, nikanunua kamba wa kuchoma kwa mchuuzi ambaye mimi binafsi nilimwamini. Nyumba nzima iliharisha. Mama mkwe, Merle, alipandishwa ndege kwa kiti cha magurudumu, na tangu hapo hataji neno kamba bila kunitazama. Siku ya Krismasi akatoa hukumu mezani. Russell apewe nafasi moja ya mwisho. Akiugua mtu hata mmoja, safari za familia ataziongoza Darryl mpaka yeye Merle aingie kaburini.

Darryl ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu Leanne. Ana karavani. Ndoto yake ni kutukokota kila mwaka mpaka kwenye bwawa lile lile, tukae viti vile vile, tuvue samaki yule yule.

Mimi huko kwetu Bundaberg ni mtunza stoo wa kiwanda cha sukari. Kazini sisikilizwi. Nyumbani hata mbwa anamsikiliza Leanne. Safarini ndipo mimi nami ni mtu: napanga, nasema, watu wanafuata. Sina kingine. Hicho Darryl hakipati.

Uwanja wa ndege, afisa wa forodha alifungua begi langu la dawa, akaniuliza kama mimi ni daktari. Nikamwambia mimi ni baba. Akamwita mwenzake aje aone. Darryl akauliza, "Shemeji, umekuja kupumzika au kufungua duka la dawa?" Binti yetu Tahlia, miaka kumi na minne, alisogea akasimama na familia nyingine.

Tumefikia pwani ya kusini, nyumba ya wageni ya mama mmoja mcheshi aitwaye Mereoni, jirani na kijiji. Tulipofika tu akaulizia mkubwa wa msafara, ana jambo la kumweleza. Nilifurahi kuulizwa. Nikasogea dirishani nikamsikiliza huku napulizia chumba dawa ya mbu. Nilishika neno "bahari" na neno "heshima". Nikamhakikishia kwamba bahari mimi naiheshimu sana. Mbu mmoja amekufa.

Jioni nikawakusanya niwape masharti. Maji ya kuchemsha tu, hata ya chupa yachemshwe (birika nimekuja nalo). Barafu hapana. Mboga mbichi hapana. Kofia na krimu ya jua muda wote. Asubuhi kupimwa joto na kutoa ulimi. Na kubwa kuliko yote, mtu asifiche ugonjwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikawaambia tuitamke methali hiyo wote kwa pamoja. Aliitamka Leanne peke yake, tena akipiga miayo.

Jumapili, 2 Julai

Ukaguzi umefanyika. Joto la wote liko sawa. Mama mkwe kagoma kutoa ulimi. Amesema ulimi wake ni wa kusemea, na akianza kuutumia nitajuta. Nimemwandika mzima.

Kijiji chote kanisani. Wanaimba mpaka madirisha yetu yanatetemeka. Leanne na Tahlia walikwenda kusikiliza. Mimi nilibaki kuchemsha maji, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu nilipoinua kichwa nikamwona mama mkwe kule jikoni anakula samaki mbichi. Kokoda, wanaiita. Samaki anakatwakatwa, analowekwa kwenye ndimu, anamiminiwa tui la nazi, basi. Moto haujui. Nilitaka kumpokonya bakuli. Mereoni akanishika mkono: "Kaka, mwache bibi ale. Mbona unamtazama kama aliyemeza ufunguo?" Mama mkwe akaomba aongezewe.

Nimekaa kando yake mchana kutwa na ndoo. Hakuna kilichotokea. Kaniuliza kama ni mimi ninayejisikia vibaya.

Darryl anaweka barafu kwenye kila kinywaji. Nikipita karibu anaitikisa kwenye glasi. Yu buheri wa afya. Dunia haina haki.

Mezani jioni nilisimama nikatangaza kwamba hakuna mgonjwa. Hakuna aliyepiga makofi, ila nilimwona Leanne akitabasamu huku ameinamia sahani yake. Nimelala vizuri.

Jumatatu, 3 Julai

Tatizo kubwa. Ufuko hauna bendera.

Asiyelelewa Queensland hataelewa. Kwetu mtoto anajua bendera kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Bendera mbili, nyekundu na njano, zinachomekwa mchangani na waokoaji. Unaogelea katikati yake. Ukitoka nje yake, umejitakia. Mimi mwenyewe nilijitolea uokoaji kwenye ufukwe wa Bargara msimu mzima, na filimbi ninayo mpaka leo. Nimekuja nayo.

Nikapiga marufuku kuogelea. Wakaasi. Tahlia alisema hakuvuka bahari ili aje kuitazama bahari. Darryl, kwa sauti ya upole kabisa, akasema kule bwawani hakuna haja ya bendera, maji yametulia, na choo kipo. Mama mkwe akamgeukia akaanza kumsikiliza. Nikaona mambo yanakwenda mrama.

Nikawaambia wanisubiri. Nikashika njia ya ufukweni peke yangu, na kofia yangu ya kufunika shingo. Nilipozunguka miamba, Mungu si Athumani! Miti miwili imesimikwa majini, kila mmoja una kitambaa. Kimoja chekundu. Kingine jua limekipausha, lakini kwa jicho la mwokoaji ni cha njano. Maji ya katikati yametulia kama ya beseni. Na hakuna mtu hata mmoja. Niliwasikitikia wenyeji. Hawajui walichonacho.

Nikawaleta wote. Hata mama mkwe aliingia mpaka kiunoni. Samaki wengi, tena hawaogopi, wanakuja kukunusa vidole. Tahlia alicheka kicheko chake cha zamani, cha utotoni, akaniita, "Baba, njoo umwone huyu wa buluu." Nilikwenda, nikamwona. Nilikuwa na furaha, nasema kweli, nilitamani siku isiishe.

Darryl peke yake hakuingia. Alisema haelewi kwa nini mahali pazuri hivi pawe patupu, akaenda kuogelea nje ya bendera. Nikampulizia filimbi mpaka kifua kikauma. Akanipungia mkono.

Nilikuwa narudi kinyumenyume nimpulizie vizuri zaidi, nikakanyaga tumbawe. Unyayo umechanika kidogo. Sikusema. Kuumia siyo kuugua.

Jumanne, 4 Julai

Unyayo umevimba. Rangi yake inafanana na bilinganya.

Nimefungua begi langu la dawa. Za kuharisha zimo za kila namna, za vidonge, za unga, za maji. Ya kidonda hakuna hata moja. Plasta zilikuwepo, lakini ndani ya ndege niliwabandika wote visiginoni ili wasipate malengelenge. Nikapaka krimu ya jua. Ilinichonyota mpaka machozi yakatoka. Bila shaka inafanya kazi.

Nimeshinda ufukweni na soksi mbili mbili na viatu vya kazini. Leanne akauliza kulikoni. Nikamjibu, usubi. Alinitazama kwa muda, kisha akarudi kwenye kitabu chake. Darryl akataka kujua mbona nachechemea. Nikamwambia ni mtindo mpya wa kutembea, unanyoosha mgongo. Mama mkwe akaujaribu mpaka chooni na kurudi. Anasema mgongo umepata nafuu kubwa.

Jioni Mereoni alikuja barazani bila kutabasamu. Nilijua tu kuna neno. Alisema wazee wa kijiji wamemtuma. Kuna wageni wameonekana wakiogelea ndani ya miti ya marehemu chifu, na mmoja wao alikuwa anapiga filimbi.

Kumbe chifu wao alifariki mwezi wa Aprili. Chifu akifa, kipande cha bahari kinafungwa kwa heshima yake. Havuliwi samaki, haingii mtu, mpaka msiba umalizwe kwa karamu. Miti na vitambaa ndiyo alama. Na wale samaki hawakuogopa watu kwa sababu hawajaguswa tangu Aprili.

Leanne alishika mdomo. Akamwambia Mereoni kwamba tusingeingia kamwe kama tungejua. Mereoni akasema yeye alieleza, siku ile ile tuliyofika, tena kwa mkubwa wa msafara, dirishani. "Akanijibu bahari anaiheshimu sana." Wote wakageuka. Nikasema nilikuwa na mbu.

Jumatano, 5 Julai

Tunatakiwa kwenda kuomba radhi. Unapelekwa mzizi wa yaqona, ule wanaousaga kuwa kinywaji cha heshima, mbele ya wazee, na anayeupeleka ni mkubwa wa msafara mwenyewe.

Nilikuwa na wazo zuri. Nilipendekeza aende Darryl, maana yeye hakuingia, ana uso safi. Mereoni akaniuliza asiye na kosa anakwenda kuomba radhi ya nini. Halafu akauliza, basi mkubwa wenu hasa ni nani? Wote wakaninyooshea kidole kwa mpigo, mpaka mama mkwe, mpaka Darryl. Sijawahi kukubaliwa hivyo na familia yangu. Niliketi wima kwenye kiti. Ndipo Mereoni akasema viatu vinaachwa mlangoni.

Nimeanza kuhisi baridi wakati wenzangu wanajipepea. Kwenye kinena kuna mtoki mkubwa kama ndimu. Wakati wa ukaguzi nilikichovya kipimajoto changu kwanza kwenye glasi ya Darryl. Barafu nayo ina faida zake. Nimejiandika mzima.

Tahlia kanifumania kwenye ngazi za nyuma, nimeshika soksi mkononi. Kuna mstari mwekundu umeanza kupanda kutoka unyayoni. Alichuchumaa akautazama. Hakucheka.

"Baba, mwambie Mama."

Nikamweleza hali ilivyo. Nikisema leo, basi, ni karavani maisha yetu yote. Akaniambia yeye bwawa halichukii, anachokichukia ni hicho hapo, akaonyesha mguu. Kisha akanirudishia methali yangu, mficha maradhi kifo humuumbua, neno kwa neno. Kumbe siku ile alikuwa anasikiliza. Nilifurahi sana kwa hilo, nikamwambia, lakini hakufurahi nami. Nikamsihi anivumilie mpaka wazee watusamehe. Alikubali huku machozi yakimlenga.

Alhamisi, 6 Julai

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeunganishwa na chupa ya dripu. Nieleze kwa utaratibu.

Tulikwenda kijijini saa tatu asubuhi, tumevaa heshima zetu, tumejifunga mashuka kiunoni ambayo Mereoni alituazima. Kwenye lango la kijiji akanivua kofia. Pale kichwa hakifunikwi. Utosi wangu haujaona jua tangu nioe. 

Mlangoni wenzangu wakavua viatu. Mimi nilivua viatu nikabaki na soksi, zote nne. Hakuna aliyenizuia. Nikajiona mjanja.

Ndani ni mikeka tupu, na wazee wameketi upande wa juu. Msemaji wao ni mzee Apisai, mwembamba, ana sauti nzito kuliko mwili wake. Inatakiwa ukunje miguu. Kumnyooshea mzee nyayo ni tusi. Nikakunja. Uzito wote ukakaa juu ya kidonda. Nikaona nyota mchana.

Mereoni aliusogeza mzizi mbele na kusema maneno kwa niaba yetu. Mimi nikaongeza la kwangu, kwamba kwetu bendera mbili maana yake ni ingia, na kwamba sikukusudia kuingia nyumbani mwa marehemu. Nilisema kwa moyo. Nilipotaja filimbi mzee mmoja aliinamisha uso, mabega yakawa yanatikisika.

Wakachanganya yaqona kwenye bakuli kubwa la mti. Maji ya bomba. Niliyaona yakitoka bombani kwa macho yangu. Halafu kifuu cha nazi ni kimoja, kinazunguka kwa wote, kila mdomo. Hapo ndipo kila sharti langu lilikuwa limekusanyika kwenye kifuu kimoja. Darryl alikuwa ananitazama kwa raha. Nikapiga kofi moja kama nilivyoelekezwa, nikanywa chote kwa pumzi moja. Kina ladha ya udongo. Mdomo ukafa ganzi, nikajua ni kiharusi. Nikawaaga wote kimoyomoyo, nikaanza na Leanne.

Mzee Apisai akaanza kujibu. Katikati ya maneno akanyamaza. Anatazama mkeka. Chini yangu mkeka umelowa, na haukulowa yaqona.

"Mwanangu, mguu huo una nini?"

Nikasema usubi. Akaniambia nivue soksi. Nikasema ni heshima kubaki nazo. Akasema heshima anaijua yeye. Nikavua ya kwanza. Ya pili ilikuwa imegandamana, akanisaidia Tahlia, analia waziwazi sasa.

 Kisha mzee Apisai akatikisa kichwa. "Sisi tulikuwa tunatafuta adhabu ya kukupa. Kumbe bahari imeshakutoza yenyewe, sisi tuongeze nini?" Wazee wakaangua kicheko, wakapiga makofi, radhi ikapokelewa. Akaniinamia akanyoosha kidole kwa Leanne. "Kwetu umesamehewa. Sasa yupo yule pale."

Leanne hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikuwa mweupe kama karatasi, ananishika paji la uso kwa kiganja. "Ungekufa, Russell. Halafu mimi ningeambiwa ni usubi?"  Nilitazama mkeka.

Mama mkwe akamgeukia mwanawe. "Darryl, hicho choo cha bwawani, kina mlango?"

Na ndivyo nilivyovuliwa madaraka, mbele ya wazee wa watu.

Nilishindwa kusimama. Darryl akanibeba mgongoni, kutoka kwenye mikeka mpaka kwenye pikapu ya mpwa wa Mereoni. Nilijiandaa kwa maneno yake. Alisema tu, "Shika shingo vizuri, shemeji." Njia nzima hadi hospitali hakusema kingine, na mkono wake haukuniachia. Nilitamani anitukane.

Ijumaa, 7 Julai

Hospitali. Dripu ya tatu. Daktari ni dada mdogo, mkali. Amesema ningechelewa kidogo tu angezungumza nami mambo ya kukata. Ameuliza ni nani aliyepaka kidonda krimu ya jua. Nikamwambia sikumbuki.

Mchana walikuja wote kunitazama. Wamenenepa, wamependeza. Mama mkwe ameletewa kokoda tena. Leanne amekaa kwenye kiti kando yangu tangu jana na hajafungua kitabu. Ameniahidisha nisimfiche tena ugonjwa wowote. Nimeahidi kwa moyo wote, na yeye akanishika mkono usio na sindano.

Walipoondoka nimefikiria kwa kina. Matokeo ni ya ajabu. Walio chini ya uangalizi wangu wote ni wazima, mpaka anayekula samaki mbichi, mpaka wa barafu. Aliyeugua ni mmoja tu, na huyo hakuwa na wa kumwangalia. Maana yake utaratibu wangu umefaulu kabisa. Nimemweleza daktari. Ameniongezea dawa ya usingizi.

Jumapili, 16 Julai

Bundaberg. Tumerudi tangu Alhamisi.

Safari ya Septemba imeshapangwa. Bwawani, karavani ya Darryl. Mimi ni abiria. Nimeambiwa nije na nguo zangu tu, na mama mkwe amesisitiza neno "tu" mara mbili. Nimekubali bila kinyongo. Mtu mzima anajua kushindwa.

Ila nimeuliza, kwa upole, kama bwawa lile lina bendera. Darryl akacheka, akasema ni bwawa, shemeji, hata mawimbi halina. Hapo nikamwelewa. Halina bendera. Watu wataingia popote.

Kwa hiyo nimenunua kitambaa chekundu na cha njano, chenye rangi nzito isiyopauka. Mijiti nimeichonga gereji. Kosa la Fiji nimeshaligundua: nilitumia bendera za watu. Mtu anayejali familia yake anasafiri na za kwake. Zinaingia vizuri kwenye begi la fimbo za kuvulia, na filimbi pembeni.

Nilipokuwa nachonga, mguu nilioufunga ulianza kupwita. Pembeni ya kovu kuna wekundu kidogo, na nguo ya ndani inanibana kinenani. Leanne ameuliza kutoka jikoni mguu unaendeleaje.

Nimemjibu hauna neno. Kisha nikaenda kutafuta soksi.